Nunda wa Nyumbani: Dubwana, Wanja na Mkorogo katika Historia ya Unguja

1. Utangulizi

Mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja na ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho. Miongoni mwake imo ngano ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo alianza kwa kula mifugo. Watu walipokwenda kulalamika, Sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake pia, basi aachwe. Paka akaendelea hadi kula watu, na jibu likawa lile lile. Siku alipowala watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba yao alipokiri kuwa huyo si paka tena, bali ni nunda, mla watu.

Ngano hii ina jambo linaloitofautisha na hadithi nyingi za mazimwi. Zimwi la kawaida hukaa mwituni, katika pango au ng'ambo ya mto, na mtu hupatwa na madhara yake anapotoka kwao. Nunda alilelewa nyumbani na kulishwa kwa mkono wa mwenye nyumba. Hatari yake ilionwa na kila mtu isipokuwa yule aliyempenda. Wazo hili halikuwa la pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Katika hekaya za kale za Skandinavia, ambazo Snorri Sturluson wa Iceland aliziandika katika karne ya 13, miungu ilimlea nyumbani kwao mbwa mwitu aitwaye Fenrir, na Týr peke yake ndiye aliyethubutu kumpelekea chakula. Mnyama alipokua kupita kiasi, miungu ilimfunga kwa hila, na Týr, mlishaji wake, akapoteza mkono.

Mhadhara huu unafuatilia aina hizi mbili za hatari katika historia ya Unguja, hususan Mji Mkongwe: dubwana linalodhaniwa kuja kutoka nje, na madhara yanayokaa ndani ya nyumba katika kichupa cha urembo. Hoja yake ni kwamba lugha ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu ya aina zote mbili, na kwamba mara nyingi jamii imemkimbiza dubwana wa nje huku ikimlisha nunda wa nyumbani.

2. Dubwana la Usiku: Kutoka Jinamizi hadi Popobawa

Kiswahili kina msamiati mpana wa viumbe vya kutisha. Kuna zimwi, kuna chunusi anayewavuta watu majini, kuna kinyamkera wa kimbunga, na kuna jinamizi linalomkandamiza mtu aliyelala hadi asiweze kusema wala kujinyanyua. Msemaji wa Kiswahili hawezi kukosa kusikia katika neno hili la mwisho mwangwi wa kitenzi inama. Watu wa Skandinavia nao walimjua kiumbe aliyekalia vifua vya waliolala, wakamwita mara. Wataalamu wa usingizi wa siku hizi wanaieleza hali hiyo kuwa ni kuamka kwa fahamu kabla mwili haujaachiliwa na usingizi. Maelezo hayo yanaonyesha kwa nini jamii zilizo mbali sana zimesimulia tukio linalokaribiana, lakini hayaelezi kwa nini kila jamii huupa uzito ule wa kifuani jina na sura yake.

Katika visiwa vya Zanzibar sura iliyopata umaarufu mkubwa ni ya popobawa. Jina lenyewe ni neno ambatani la wazi: popo na bawa. Habari zake zinahusishwa kwanza na Pemba katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya mwaka 1964. Mapema mwaka 1995 hofu ilizuka upya Pemba, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Ilisemwa kuwa popobawa huingia usiku ndani ya nyumba, huwakandamiza watu vitandani na kuwaingilia kwa nguvu, wanaume kwa wanawake. Ilisemwa pia kuwa aliyepatwa alitakiwa awaeleze wengine, la sivyo angerudiwa. Familia nyingi zikaacha vyumba vyao na kulala nje kwa makundi, wakikesha kandokando ya moto.

Mwaka huo huo, tarehe 22 Oktoba, ndipo Zanzibar ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi. Ukaribu wa matukio haya mawili umewafanya wengi wamweleze popobawa kuwa ni kiumbe wa siasa. Martin Walsh, katika makala yake ya mwaka 2009, ameonyesha kwamba tafsiri hiyo nayo ina historia: maelezo ya kisiasa yalijengwa na kubadilika kadiri muda ulivyopita, na hayatoshi kueleza hofu yote. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameyachunguza mazungumzo yenyewe, akaonyesha jinsi masimulizi ya popobawa yalivyowawezesha watu kuzungumza mambo ya mwili na ya faragha ambayo adabu ya kawaida huyafunika.

Kwa mintarafu ya mhadhara huu, jambo moja halipasi kupitwa. Katika hofu ile ya mwaka 1995, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa Unguja na watu waliomdhania kuwa ndiye popobawa. Katika ngano ya Steere, mwana mdogo wa Sultani alitoka kumwinda nunda. Kila alipoua mnyama na kumleta nyumbani, mama yake alimtazama na kumwambia kuwa siye. Mtu aliyeuawa mwaka 1995 hakupata wa kumtazama na kusema kuwa siye.

3. Mumiani: Dawa Iliyogeuka Dubwana

Mpaka baina ya dubwana na kichupa si mnene kama unavyodhaniwa. Ushahidi mzuri upo katika neno mumiani. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilitaja lami ya asili iliyotumiwa kama dawa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni kitu cheusi kinachofanana na utomvu, kilichotumiwa na Waarabu, Wahindi na Waswahili kutibu maradhi kama vile mifupa iliyovunjika. Kamusi hiyo hiyo inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa kitu hicho ni damu ya watu iliyogandishwa, iliyochukuliwa kwa waliouawa kwa ajili hiyo.

Kutoka hapo hatua ilikuwa fupi. Jina la dawa likawa jina la mnyonya damu. Kiambajengo kikahama kutoka ngeli ya vitu na kuingia ngeli ya viumbe vyenye uhai: mumiani aliyeuzwa dukani akawa mumiani anayewinda watu usiku. Luise White, katika utafiti wake wa mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, ameyachukua masimulizi ya namna hii kuwa ni ushahidi wa kihistoria wa jinsi watu walivyouelewa utawala, hospitali na kazi za mshahara.

Mwanaisimu anaweza kuongeza hoja nyingine. Neno hili linaonyesha kuwa wasemaji wa Kiswahili hawakuiamini kila bidhaa iliyoletwa na bahari. Waliuliza imetoka wapi, imetengenezwa kwa nini, na ni nani aliyelipa kwa mwili wake. Jibu walilolipata halikuwa sahihi, lakini swali lilikuwa la busara. Ajabu ni kwamba swali hilo halikuulizwa kwa nguvu ile ile juu ya bidhaa nyingine zilizokuja kwa majahazi hayo hayo na kuwekwa mbele ya kioo.

4. Wanja: Kinga na Madhara

Urembo wa Unguja ni elimu kamili yenye istilahi zake. Kuna liwa inayosuguliwa juu ya msio, kuna dalia ya manjano, kuna singo anayosingwa bibi harusi chini ya uangalizi wa somo wake, kuna udi, hina na wanja. Sehemu kubwa ya vitu hivi hutokana na miti, maua na viungo. Si urembo tu. Manukato yanayompendeza mume huaminika kuwapendeza pia masheitani ya ruhani, na kwa hiyo hutumika katika ngoma zao. Kjersti Larsen, aliyechapisha mwaka 2008 utafiti wake juu ya binadamu na masheitani wa mjini Zanzibar, ameeleza kwamba masheitani hao wana makabila, dini na ladha zao kama walivyo watu. Hivyo katika nyumba ya Mji Mkongwe kitu kile kile kiliweza kupamba, kuita na kukinga.

Wanja ndio unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwanamke huupaka machoni kwa uzuri. Mtoto mchanga hupakwa katika nyusi na kutiwa alama katika paji la uso ili jicho la husuda lisimpate, na hirizi hufungwa kwa nia hiyo hiyo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuandika kumbukumbu zake Ujerumani kwa jina la Emily Ruete mwaka 1886, amesimulia jinsi hofu ya kijicho na ya mashetani ilivyokuwa sehemu ya maisha ya kila siku katika majumba ya Sultani. Mama aliyempaka mtoto wake wanja hakufanya upuuzi. Alifanya wajibu wa mlezi kwa maarifa aliyokuwa nayo.

Wanja uliosifiwa zaidi uliitwa wanja wa manga. Manga ni Arabuni, hasa pande za Muscat, na neno hili limebaki katika majina ya vitu vilivyoletwa au kudhaniwa kuletwa kutoka huko: pilipili manga, komamanga, njiwa manga. Kamusi za zamani huufasiri wanja wa manga kuwa ni antimoni. Maabara, hata hivyo, zimetoa jibu lisilo la faraja. Uchunguzi wa wanja uliokuwa ukiuzwa Oman, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa baadhi ya sampuli zilikuwa ni galena, yaani jiwe la risasi na salfa. Wanja uliotengenezwa kwa masizi na mafuta hauna hatari hiyo ya risasi, lakini kwa macho na kwa jina wanja hizi mbili hazitofautiani.

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini haya na kwa kitu kinachotoka katika bunduki. Risasi ya bunduki huogopwa na kila mtu. Risasi ya wanja huingia polepole: mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kisicho na madhara, na kwamba ubongo wa mtoto ndio unaoathirika zaidi. Hapa ndipo uchungu wa historia hii ulipo. Kitu kilichopakwa ili kumfukuza adui asiyeonekana kiliweza kuwa chenyewe adui asiyeonekana.

Unguja haikuwa peke yake. Katika karne ya 16 na ya 17 wanawake wa tabaka la juu Ulaya walipaka nyuso zao risasi nyeupe iliyosagwa, na waliiendeleza desturi hiyo hata baada ya madhara yake kujulikana. Watu hao hao waliwasaka na kuwachoma wanawake waliodaiwa kuwa wachawi.

5. Weupe, Zebaki na Mkorogo

Ikiwa wanja ulirithiwa kutoka kwa mabibi, mkorogo ni wa karne ya 20. Mizizi ya haja yake, hata hivyo, ni ya zamani. Sayyida Salme ameeleza kwamba katika nyumba ya baba yake masuria wa Kicherkesi hawakupenda kula pamoja na wa Kihabeshi, hata watu wakawa wanakaa kulia chakula kwa makundi kulingana na rangi zao. Biashara ya utumwa ilizitia rangi za ngozi bei, na bei hizo zikaingia katika fikra. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa na amri hiyo hadi mwaka 1909. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi waliokuwa watumwa walivyotumia kanga na buibui kutangaza uungwana wao mpya. Nguo ilibadilishwa kwa siku moja. Rangi ya ngozi haikubadilika hivyo, mpaka viwanda vilipodai kuwa na dawa yake.

Dawa hiyo mara nyingi ilikuwa na zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa juu ya wagonjwa 60 wazima waliokuwa na maradhi ya figo yanayoufanya mwili upoteze protini na kuvimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi. Baadaye viliongezeka viambato vingine, hasa haidrokwinoni na steroidi kali, ambavyo huifanya ngozi iwe nyembamba, itoke madoa na ishindwe kupona jeraha.

Watumiaji hawakungoja viwanda viwatengenezee mchanganyiko. Walichukua krimu, sabuni na dawa mbalimbali, wakazikoroga pamoja. Kutokana na kitenzi koroga wakapata mkorogo. Jina hili linastahili kuzingatiwa. Halitaji uzuri wala weupe. Linataja kitendo cha mkono, na lina ladha ya kebehi, kwa kuwa kukoroga mambo ni kuyavuruga. Kadhalika mitaa imetunga utani wake juu ya mtu ambaye uso wake ni Fanta na miguu yake ni Coca-Cola. Kwa hiyo si kweli kwamba jamii haikuiona hatari. Iliiona, ikaipa jina, kisha ikaicheka.

Kicheko hicho hakitoshi kueleza kwa nini watu wanaendelea. Uchunguzi wa Kelly Lewis na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusisha wanawake wa Dar es Salaam, ulipata sababu kadhaa: kuondoa chunusi na vipele, kupata ngozi laini, kufanana na Wazungu, kumridhisha mwenzi, na hata kurekebisha madhara yaliyoletwa na mkorogo wenyewe. Sababu hii ya mwisho inafanana mno na ngano ya Steere: mlishaji anaendelea kulisha kwa sababu ameshaogopa kuacha.

Piko ni mfano wa namna yake. Ni rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali ya parafenilinidayamini, ambayo huchorwa juu ya ngozi za maharusi na za watalii katika Mji Mkongwe pamoja na hina au mahali pake. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu na huhitaji muda mrefu kukolea. Piko hukolea upesi na huwa nyeusi ti, lakini inaweza kuleta malengelenge na kuifanya ngozi iidhurike kwa kemikali hiyo maisha yote. Heshima ya hina, iliyojengwa kwa karne nyingi, imekopeshwa kwa kitu kisicho hina.

6. Sheria, Lebo na Kazi ya Lugha

Dola zimechukua hatua. Tanzania Bara ilipitisha sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na Zanzibar ikapitisha yake mwaka 2006. Kuviweka vipodozi katika jina moja na chakula na dawa ni kukiri kwamba kinachopakwa nje huingia ndani. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unavihusu pia vipodozi vyenye zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Lakini sheria husomwa kwa lugha, na hapa wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao. Zebaki inaweza kuandikwa katika lebo kwa majina mengi, kama vile kalomeli, na mnunuzi wa Darajani anayelijua vyema neno zebaki asitambue kuwa ndiyo anayoisoma. Risasi ya wanja haiandikwi kabisa pale wanja unapouzwa katika kijipakiti kisicho na maandishi. Kazi ya istilahi, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ni ya darasani, inakuwa hapa ni kazi ya kulinda figo za mama na ubongo wa mtoto. Kamusi inayoufasiri wanja wa manga kuwa ni antimoni tu inapaswa kurekebishwa. Hali kadhalika, kamusi inayoorodhesha mkorogo bila kutaja vilivyomo haijamsaidia msomaji.

7. Hitimisho

Popobawa, mumiani, wanja na mkorogo si maneno ya fani nne zisizohusiana. Ni sehemu za historia moja ya jinsi watu wa Unguja walivyojaribu kujua madhara yanatoka wapi. Hofu ya dubwana la usiku haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa waliokesha nje mwaka 1995 waliteseka kwa kweli, na mtu mmoja alipoteza maisha. Wala mama anayempaka mtoto wanja hapaswi kudhihakiwa, kwa kuwa nia yake ni ile ile ya daktari.

Kinachohitajika ni kile alichokifanya mama katika ngano. Kila mnyama alipoletwa mlangoni, hakushangilia wala hakukimbia. Alimkagua, akasema kama ndiye au siye, na hatimaye nunda wa kweli akaletwa. Mwanafunzi wa lugha anayeuliza wanja huu umetengenezwa kwa nini, jina hili limetoka wapi na lebo hii inasema nini, anaifanya kazi hiyo hiyo. Wasimulizi wa Steere walikwisha kusema kwamba nunda alianza akiwa paka wa nyumbani.